Neno Nililolitafsiri Vibaya

Mheshimiwa Afisa Elimu, ndugu wageni waalikwa, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana madirishani ingawa mmeambiwa mara tatu mkae chini, nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika tano za kumuaga Mwalimu Mkuu wetu, huyu tunayemwita Mwalimu Rudia, na mniwie radhi nikihangaikahangaika hapa mbele. Kwanza waya wa kipaza sauti ni mfupi. Pili, mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuongea nikiwa nimekaa, miguu ikiwa kazini. Tatu, roho yangu haijatulia tangu asubuhi, na sababu yake iko kwenye mfuko wa koti la Mheshimiwa. Ni barua. Inasema kuanzia Jumatatu kamati yetu ya wazazi imevunjwa, na Mwalimu Mkuu mpya tutaletewa na ofisi. Mheshimiwa alinionyesha kwa heshima tulipokuwa tunakunywa chai, akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti, niitafsiri kwa lugha yetu ya nyumbani baada ya hotuba, ili na bibi zetu wa viti vya nyuma waelewe. Chai ile sikuimaliza.

Lakini siku ni ya Mwalimu, tuanze naye.

Mwalimu, wewe nawe uliletwa na ofisi hiyohiyo, sikatai kwamba mara mojamoja ofisi hubahatisha. Ulifika na begi moja, hujui hata kutusalimia. Kamati ikakwambia hapa darasa la kwanza linafundishwa kwa lugha ya watoto, na asiyeijua hakabidhiwi ofisi. Je, uligomba? Ulichukua daftari ukaenda kukaa benchi la nyuma la darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, ukajifunza majina ya vitu pamoja na watoto wa miaka sita. Ukikosea wanakwambia, "Rudia, Mwalimu." Jina likakuganda. Mama mkwe wangu alirudi nyumbani akicheka mpaka machozi. "Wametuletea mtu mzima na ndevu zake, hajui kuita maji!" Mwaka uliofuata alimleta mjukuu wake mwenyewe, kamshika mkono mpaka mlangoni.

Kabla ya hapo, ndugu zangu, mnakumbuka ilivyokuwa? Mwanangu wa kwanza aliacha shule akiwa darasa la tatu. Aliniambia, "Mama, kule nasikia kelele tu." Yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa anafundishwa kwa lugha ambayo hakuna aliyewahi kumbembeleza nayo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na nalisema wazi mbele yake, maana amekaa pale karibu na mlango.

Sasa nina jambo ambalo hata mume wangu halijui.

Mwaka mmoja kabla ya Mwalimu kufika, ilikuja barua nyingine ya ofisi. Watu wakaitwa humuhumu, nami nikasimamishwa kutafsiri. Barua ilisema wazazi watatunza shule hii. Kutunza, yaani kufagia, kuziba paa, kufukuza mbuzi. Lakini lugha yetu, Mheshimiwa, ina neno moja tu la kutunza kitu na la kuwa nacho. Anayekitunza ndiye mwenyewe. Nikalitamka neno hilo. Fundi seremala, Mungu amrehemu, akauliza, "Unasema ni yetu?" Niliona kosa likiingia kwenye nyuso za watu, nikaona na furaha yake, na nafasi ya kulisahihisha nilikuwa nayo. Nikasema, "Ndiyo, ni yetu."

Kesho yake alfajiri seremala alikuwa anapima madirisha. Wiki haikuisha, tukachagua kamati, na kamati ikaanza kuamua nani anafundisha na kwa lugha gani. Hatukuwa na mamlaka hayo. Mwalimu, wewe hukujua, kamati haikujua, ni mimi peke yangu niliyejua, na nimenyamaza miaka kumi na moja, nikishona sare za watoto na kuhesabu ni wangapi wamefika darasa la saba. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama kuna mtu aliyevuruga utaratibu, huyu hapa. Msimwadhibu mtoto yeyote kwa kosa langu.

Na barua ya leo sitaitafsiri. Si ukaidi. Nimeijaribu kichwani tangu kwenye chai, inanishinda. Imeandikwa kwamba shule inarudishwa kwa mwenyewe. Nikilisema hilo kwa lugha yetu, bibi zetu watapiga vigelegele, watakuja kukukumbatia, watadhani umesafiri kutoka mbali kuja kutupongeza. Unataka nifanye hivyo? Au unataka nitafute neno jipya, niwafundishe leo kwamba mtu anaweza kuwa mwenyewe wa kitu ambacho hajawahi kukifagia?

Tunachoomba ni kimoja. Kamati ibaki, na imchague atakayekaa kwenye kiti cha Mwalimu. Kabla hujajibu, naomba kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya mikono yake katika shule hii, awe alifagia, alibeba maji, au alipigilia msumari mmoja tu, asimame.

Geuka, Mheshimiwa, uwaone. Usiwahesabu, watazame tu. Bibi zetu wanasaidiwa kuinuka, wasubiri kidogo. Mwanangu naye amesimama, yule wa kelele, ndiye aliyezibua mfereji wa nyuma. Na yule pale nguzoni ni dereva wako. Asubuhi, wewe ukiwa kwenye chai, alitusaidia kubeba mabenchi.

Mwalimu, nenda salama, tunakushukuru sana. Nanyi wote asanteni kwa kunisikiliza. Msikae kwanza.