Nani Aliiua Halmashauri ya Vijijini?

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lenye mguu uliofungwa waya, linalotazamana na jengo lililokuwa Halmashauri ya Vijijini kabla haijafutwa na eneo lake lote kumezwa na manispaa. Siku hizi mle ndani wanachomelea mageti. Kila asubuhi hukaa watu walewale: Stelingi, dereva wa malori aliyestaafu na ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna njia asiyoijua, Fundi Saa, ambaye saa yake mwenyewe haitembei, Mama Kahawa, mwenye birika na mwenye neno la mwisho, na Muhtasari, karani mstaafu wa masjala ya halmashauri hiyo hiyo, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hajui kusema jambo kwa kifupi. Ila ikitajwa halmashauri, Muhtasari hutulia tuli kama maji mtungini. Asubuhi hiyo ikatajwa.

— Waliifuta kwa sababu ya gari, alianza Stelingi. Halmashauri nzima gari moja! Mwenyekiti akaenda nalo kumposea mwanawe, likazama mtoni. Wakubwa wakasema, hawa gari limewashinda, vijiji arobaini wataviweza?

— Mto gani? akadakia Mama Kahawa. Mwaka ule si kulikuwa na ukame?

— Basi, lilizama mchangani! Kuzama ni kuzama.

Fundi Saa akacheka kwa dharau.

— Gari si lolote. Tatizo lilikuwa mipaka. Mpima ardhi alikuja na kamba imelowa mvua. Ikakauka, ikasinyaa, na eneo nalo likasinyaa. Walipokuja kukagua, kata tatu hazionekani.

— Zilikwenda wapi, wewe?

— Si zimo humohumo kwenye kamba!

— Mnanichosha, alisema Mama Kahawa akimimina. Ile halmashauri haikuwahi kuwepo. Nimepeleka kahawa kwenye vikao miaka sita, sijaona diwani akifungua mdomo isipokuwa kupuliza kikombe. Siku niliyougua, kikao kikaahirishwa. Sasa niambieni, halmashauri ilikuwa wao au mimi?

— Kwa hiyo walikufuta wewe?

— Wathubutu!

Wakacheka. Stelingi akamgusa Muhtasari kwa kiwiko.

— Mzee, wewe ulikuwa mle. Tuamulie.

— Mimi nilikuwa masjala tu, alisema Muhtasari, akainamia kikombe chake. Miaka kumi na minane alikuwa na jibu hilo moja, na lilikuwa limemtosha.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, bahasha mkononi, jasho likimtiririka.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, karibu.

— Nitakaa wapi, na nyumba yangu inabomolewa Ijumaa? Barua ya kiwanja nilipewa na halmashauri hii. Manispaa wananiambia ofisi hiyo haipo, wao hawaijui sahihi hii. Wanataka nilete mtu aliyefanya kazi mle, aape kwamba ni ya kweli. Kuna yeyote hapa?

Macho ya wajuaji wote yakamwelekea Muhtasari, mmoja baada ya mwingine.

Akaipokea barua. Ilikuwa sahihi ya mkurugenzi kabisa, na mkia wake mrefu uleule. Lakini kwenda kuapa maana yake ni kuulizwa, na swali la kwanza alilijua: kwa nini halmashauri yenu haikupinga kufutwa?

— Ni ya kweli, alisema. Nitakwenda. Ila huko wataniuliza mengine, kwa hiyo bora myasikie hapa kwanza. Ilikuja barua: tunakusudia kuifuta halmashauri yenu, mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini. Haikuwa na kumbukumbu namba. Na barua isiyo na namba haiingii masjala, ndivyo tulivyofundishwa. Nikairudisha ilikotoka, waitie namba. Iliporudi ilikuwa siku ya thelathini na nne. Sikumwambia mtu.

Stelingi akapasuka kwa kicheko mpaka kahawa ikamwagika.

— Loo! Mzee, hapo umetia chumvi mpaka chungu kimefurika!

— Hata mimi na kamba yangu nina haya kidogo, alisema Fundi Saa akipangusa machozi.

Muhtasari alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kuchekwa hakukutarajia, na kulimuuma zaidi. Mama Kahawa naye alicheka akashika mbavu. Ni yule mgeni tu ambaye hakucheka.

— Uliisoma, baba?

— Niliisoma.

— Yote?

— Mpaka sahihi.

— Ukaona kwamba wanatufuta?

— Nikaona.

— Sasa, ukishaona kwamba tunafutwa, watu na vijiji vyetu, namba ilikuwa ya nini?

Kicheko kikakatika. Stelingi akatazama barabara, Fundi Saa akatazama viatu vyake. Mama Kahawa aliinua birika amwongeze Muhtasari, akaona halina kitu, akalirudisha chini taratibu.

Muhtasari alisimama, akavaa kofia, akaishika bahasha kwa mikono miwili.

— Twende, mwanangu, alisema. Na tukifika, uniulize hilo hilo mbele yao.