Neno Ambalo Bibiane Aliwafundisha Mbwa Wanane

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani hapa Uummannaq na mlioko kwenye vibanda vya kuvulia huko barafuni, hamjambo. Mimi ni Gaaba. Kahawa kama imeshachemka, mimineni, kisha mkae. Leo sina haraka, na nanyi nawaomba msiwe nayo.

Leo tunamkumbuka Bibiane. Bibiane Therkelsen, yule wa nyumba ya kijani, kule juu karibu na tangi la mafuta. Tulimzika Jumatano. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa na mbwa wanane wa kuvuta sleji, lile gari letu la barafuni lisilo na magurudumu, wote wachanga, wote amewafundisha mwenyewe.

Mbwa wanane, wasikilizaji. Leo wamebaki saba. Huyo mmoja aliyepungua, na mimi nimo katika kifo chake. Nilisema neno kwenye kipaza sauti hiki hiki, na neno lile halikuwa la kweli. Nitalifikia. Kwanza tumjue Bibiane.

Alizaliwa ng'ambo ya ghuba, msichana peke yake katika nyumba ya wavulana. Mkono wake ulikuwa wa kushoto. Baba yake alimfundisha kufunga kamba, naye kila fundo akalifunga kinyume. Fundo la Bibiane lilikuwa halifunguki kwa mtu mwingine. Utavuta, utauma kwa meno, mwishowe utachomoa kisu. Mdogo wake Sakari, mnamfahamu, alikuwa akimtania, "Dada, ukifa tutakata kila kitu chako." Naye anajibu, "Kateni tu. Nitakuwa nishaondoka, nitawagombeza saa ngapi?"

Aliolewa na Tittus, wakapata binti mmoja, Paarma, ambaye sasa ni muuguzi huko Nuuk. Halafu Tittus akafa. Hilo wengi mnalikumbuka. Ni miaka kumi na moja sasa. Alivunjika mguu akiwa peke yake barafuni, dhoruba ikamkuta, na tulimpata siku ya sita. Mbwa wake kumi walikuwa wamelala wamemzunguka. Hakuna hata mmoja aliyeondoka. Mji mzima uliwasifu mbwa wale. Redio hii iliwasifu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nilisema hapa kwamba mbwa wa Tittus wamewashinda binadamu kwa utiifu.

Bibiane hakusema kitu wakati ule. Alinijibu baada ya miaka kumi.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, ugonjwa wa mbwa ulipita hapa. Mnajua ulivyotuacha. Kwa Bibiane hakubaki hata mmoja. Alikaa miezi miwili na minyororo mitupu mbele ya nyumba. Sakari akaona hali hii haiwezekani, akampelekea watoto wa mbwa wanane, wa matumbo mawili. Kila mtu alimwambia ni wazimu. Mbwa mchanga hufungwa katikati ya wakubwa, akavutwa, akagombezwa, akajifunza. Wachanga wanane peke yao, bila mkubwa hata mmoja, hiyo si timu, ni vurugu.

Na kweli ilikuwa vurugu. Aliwaanzisha kwa kuvuta gogo. Kisha tairi kuukuu. Kisha sleji ndogo. Siku ya kwanza ya sleji, mlikuwapo. Mbwa wote wanane, kila mmoja na kamba yake, walinusa samaki wa katekista waliokuwa wakikauka kwenye vichanja, wakakata kona. Bibiane alianguka, hakuachia. Aliburutwa kwa tumbo kupita kanisani, kupita dukani, hadi uani kwa katekista, akafika ana theluji mpaka ndani ya kola. Wanane wanakula. Katekista akatoka mlangoni na mkewe. Bibiane, bado amelala chini, akamwambia, "Bwana katekista, hawa samaki hujawatia chumvi."

Tulicheka wiki nzima. Yeye alikaa juu ya barafu, vidole vitupu, akifumua kamba nane zilizosukana, akiwatukana mmoja mmoja kwa jina. Kesho yake akawafunga tena. Na kesho kutwa yake tena.

Kiongozi alimchagua jike mmoja mdogo, wa kijivu, aliyeliwa nusu ya sikio na ndugu zake. Akamwita Siut. Maana yake Sikio. Watu wakasema anamkejeli. Bibiane akasema, "Mbwa mchanga nguvu anazo. Anachokosa ni masikio. Huyu nusu yake inasikia kuliko mzima wenu." Ifikapo Krismasi, wasikilizaji, wanane wale walikuwa wakipita katikati ya mji wamepangika, kamba zimenyooka, na Bibiane ameketi pembeni mwa sleji bila kusema neno. Ulikuwa ukipenda kutazama. Mimi nilikuwa nikisimama dirishani hapa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ndipo palipo na jambo lenyewe.

Mwezi wa kumi na moja nilimwita hapa studio kwa mahojiano. Alikuja na suruali yake ya kazi, harufu ya mafuta ya sili ilikaa chumbani siku tatu. Nikamuuliza, "Bibi Bibiane, wachanga watupu, hakuna hata mzee mmoja wa kuwaongoza. Huogopi?" Akasema, "Mzee si mimi hapa? Au unanionaje?" Tukacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Gaaba, wewe uliwasifu mbwa wa Tittus. Walikaa naye siku sita. Vizuri. Na mimi siku sita nilikuwa nampikia supu, inapoa, namwaga. Hakuna aliyekuja kuniambia. Hawa wangu watakuja kuwaambia ninyi. Hawa nawafundisha neno."

Akalitaja. Nyumbani.

Mlioko kwenye sleji mnajua kwa nini nilishtuka. Kwetu neno hilo halitamkwi barafuni. Mbwa anafundishwa kulia, kushoto, simama. Nyumbani hafundishwi. Akilijua, siku moja atalitii kabla wewe hujapanda. Na wapo wanaosema ukilitamka huko nje umejiitia kifo mwenyewe. Bibiane aliona uso wangu. Akasema, "Usilirushe hilo, mwanangu. Likate. Watasema kibibi kinapanga kufa." Nikalikata. Rekodi nzima nikaiweka kwenye droo, na mahojiano mkayasikia bila kipande kile. Baada ya wiki moja nilikuwa nimekisahau. Ndiyo, nilikisahau.

Mwezi wa pili, wanane wale walirudi mjini peke yao, sleji tupu, na nyuma yao, baada ya saa moja, Bibiane kwa miguu. Watu walisimama milangoni. "Bibiane! Mbwa wamekuchoka!" "Bibiane, uliwalipa nauli?" Alipita akicheka nao. Alikuwa amewajaribu kwa lile neno nao wamefuzu, nasi tukadhani wamemshinda. Hakutuambia. Nami niliyeambiwa nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Sasa mwezi wa nne. Jumanne Bibiane alitoka kwenda kukagua mishipi yake ya samaki bapa, mwendo wa nusu siku. Alhamisi asubuhi, saa nne, mimi niko hewani. Simu ikalia. Mbwa wa Bibiane wamefika. Wanane. Sleji tupu. Bibiane hayupo.

Nilisema hivi, na wengi mlinisikia: "Mbwa wachanga wa Bibiane wamemkimbia mwenyewe barafuni." Nikalirudia, kama tunavyorudia habari kubwa. Wamemkimbia. Sikuwa nimeona sleji. Sikuwa nimeuliza mtu. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, nikalitoa.

Sakari alinisikia akiwa anafunga mbwa wake kwenda kumtafuta dada yake. Nanyi mnajua desturi. Mbwa aliyemtupa mwenyewe haachwi hai, na wa kwanza ni kiongozi. Sakari alichukua bunduki, akapanda hadi nyumba ya kijani. Siut alikuwa bado amefungwa kwenye kamba yake, anahema, ulimi nje. Alimpiga risasi moja. Akasema wengine atawamaliza akirudi, kisha akashuka, akaondoka na wenzake.

Walimpata Bibiane siku ya pili, mchana. Amelala karibu na shimo lake la kuvulia, juu ya ngozi ya kulungu wa kaskazini iliyokuwa ya sleji, koti lingine amelikunja chini ya kichwa. Daktari alisema ni moyo. Alisema moyo ule usingemngoja mtu yeyote. Sijui kama alisema kweli au alituonea huruma. Ninachojua ni kwamba barafu ya pale ilikuwa imeshaanza kupasuka, na siku mbili baadaye pote pale palikuwa maji.

Paarma aliwasili Jumamosi kwa helikopta. Ameniruhusu niwaeleze yaliyofuata. Alipanda hadi nyumbani kwa mama yake, akamkuta mjomba wake uani, bunduki mkononi, mbwa saba mbele yake. Nami nilikuwapo, nimekuja kutoa pole. Paarma hakumzuia. Yeye ni mtoto wa hapa, desturi anaijua. Alisema tu, "Ngoja kwanza, mjomba. Nataka mjeledi wa mama."

Akaenda kwenye sleji. Tangu mbwa wafunguliwe Alhamisi, hakuna aliyeigusa. Akainama. Kisha akasema, "Mjomba, nani kaufunga huu mjeledi?"

"Hakuna aliyeufunga. Sleji ilikuja hivyo hivyo."

"Umefungwa. Njoo uone."

Wasikilizaji wapendwa, mwendeshaji mjeledi hauachi mkononi. Akianguka, ataanguka nao. Mbwa wakimkimbia, watamkimbia nao uko mkononi mwake. Mjeledi wa Bibiane ulikuwa umefungwa kwenye mti wa nyuma wa sleji, umekunjwa vizuri, usiburuzike ukanasa njiani. Na kamba nane zilikuwa zimefupishwa, kila moja, zisisukane. Sakari akashika lile fundo. Akavuta. Akajaribu kwa meno. Halikufunguka.

"Ni la kushoto," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka droo yangu. Sikuwaeleza kitu. Nilikimbia kuteremka hadi hapa studio, nikarudi na rekodi. Tukaisikiliza jikoni kwa Bibiane, watu watatu tumesimama, vikombe vyake viko pale pale mezani. Alipofika kwenye neno lile, saba walioko nje walianza kulia na kuvuta minyororo. Paarma akafunika uso. Sakari aliketi chini sakafuni na bunduki yake mapajani, akasema, "Gaaba, nimemuua aliyekuja kuniambia."

  Haya niyaseme, na nayasema mara mbili ili yasikike. Mbwa wa Bibiane hawakumkimbia. Mbwa wa Bibiane hawakumkimbia. Aliwatuma. Alikuwa anaumwa kifua, yuko peke yake, barafu inalia chini yake, na akapata nguvu ya kuinuka, kutandua ngozi, kufupisha kamba nane, kufunga mjeledi, na kusema neno moja. Nao wachanga wale, ambao mwaka jana walikuwa wakiiba samaki kwa katekista, walimwacha kwa sababu aliwaambia wamwache. Siut aliwaleta wote wanane, kamba hata moja haikusukana. Aliyesema wamemkimbia ni mimi, na neno hilo naliomba lirudi. Najua halirudi.

Sakari hakuwaua wale saba. Amewahamishia kwake. Siku za kwanza hawakula. Juzi mmoja alikula. Sakari ameniambia anawazungumzia wakati wa kuwalisha, maneno yoyote tu, wazoee sauti yake. Siut amezikwa nyuma ya nyumba ya kijani. Kwetu mbwa hazikwi, mnajua, na hakuna aliyemuuliza Sakari kwa nini.

Kwako Paarma, na kwako Sakari, kwa niaba ya wote walioko kwenye mitambo na wote wanaosikiliza, poleni sana. Mama yetu amelala mahali pema. Paarma, ulisema pale kaburini, "Mama alitaka mtu aje kutuambia, na walikuja." Maneno hayo nimeyaandika na nimeyabandika hapa mbele yangu, juu ya kipaza sauti. Nanyi wasikilizaji, wenye mbwa na wasio na mbwa, nawaomba mfikiri pamoja nami. Mbwa wakija mbio na sleji tupu, kabla ya kusema walichofanya, shukeni mkaitazame ile sleji.

Sasa nitawapigia sauti yake, ile rekodi ya mwezi wa kumi na moja. Sakari ameniomba jambo moja tu. Amesema, "Piga yote, ila lile neno likate. Wamefungwa chini ya dirisha langu, na redio mimi naifungulia sauti. Kwa mdomo wako hawainuki, ila wakilisikia kwa mdomo wake watainuka wote saba. Halafu waende wapi?"

Kwa hiyo nimelikata, kama nilivyolikata mwanzo alipoliomba mwenyewe. Mtamsikia Bibiane akicheka. Mtamsikia akisema, hawa nawafundisha neno. Halafu kutakuwa na kimya kifupi, kinachotosha neno moja. Msidhani mitambo imekatika. Hapo ndipo alipolisema. Na ninyi mnaolijua, lisemeni moyoni tu, mbwa wako nje wanasikiliza.