Taulo Nililokataza Lisirushwe

Utukufu wote ni wa Bwana, ndugu zangu, hapa Muscat na popote ushuhuda huu utakaposomwa!

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu duniani kingeweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nasema, na nilikuwa nasema kwa sauti ili wa nyuma nao wasikie. Nilitoka Morogoro na begi moja ambalo zipu yake ilikuwa mbovu. Nimeosha magari hapa mwezi wa saba, jua ambalo ukigusa kitasa cha mlango unaacha ngozi. Nimebeba saruji, nimelala chumba kimoja na wanaume wanane kule Ruwi. Leo nina gym yangu Khuwair ya Kusini, viyoyozi vitatu, mikeka ya kupigania imetoka ng'ambo, gari nimenunua bila mkopo. Shule niliishia darasa la tano, lakini wenye digrii wananiita bosi. Mtu akiniuliza, "Chuma, wewe huogopi?" (Chuma ndilo jina walilonipa ulingoni), nilikuwa namjibu, "Niogope nini? Nimeshaona yote."

Ndugu zangu, nilikuwa sijaona kitu!

Niwaeleze kwanza habari za Valdemir, maana bila yeye leo mngekuwa mnasoma tangazo la msiba. Valdemir ni Mbrazili, mpiganaji mstaafu. Kazi yake ilikuwa yale mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini, ndani ya ulingo uliozungushiwa wavu. Utotoni alikuwa anauza barafu ufukweni, na jioni anajifunza kukaba kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mikate. Anasema mpaka leo akisikia harufu ya mkate shingo yake inakaza. Alianza kwenye kumbi za mtaani ambako mshindi alipewa paja la ng'ombe. Akapanda. Akapigana Japani, akapigana Amerika, picha yake ikabandikwa ubavuni mwa mabasi kwao. Akavaa mkanda wa ubingwa, akaupoteza, akaurudisha. Halafu akaanza kushuka, na kushuka kwake nitakusimulieni, maana ndiko kulikoniokoa mimi.

Alipokuja Ghuba kutafuta kazi ya kufundisha, nikamwajiri. Nilimwajiri ili watu waseme, bingwa wa Brazili anafanya kazi kwa Chuma! Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi. Tukachanganya na Kiarabu cha kazini na Kiswahili alichokiokota kwangu, tukaelewana kuliko waliosoma. Masikio yake yalikuwa yamekunjamana kwa kusuguliwa na mikeka, na kikombe cha kahawa alikuwa anakishika kwa mikono miwili. Nilidhani ni heshima ya kwao.

Somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi lilikuwa kugonga. Ukikabwa na huwezi kutoka, unagonga mkeka kwa kiganja, mwenzako anakuachia papo hapo, mchezo umekwisha, hakuna aliyeumia. "Gonga leo, uje kesho," ndivyo alivyokuwa anawaambia. Siku moja nikamkatiza mbele yao.

"Mwalimu, hayo wafundishe hao. Chuma hagongi."

Akasema, "Hata mimi nilikuwa sigongi, bosi."

"Ndiyo maana ukawa bingwa!"

"Ndiyo maana niko kwako," akanijibu, wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Sasa, kulikuwa na kijana mmoja wa gym ya Seeb. Kijana mzuri, ngumi nyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Akajirekodi kwenye simu akisema, "Mzee Chuma amechoka, mfungulieni duka la maandazi." Video ile ilizunguka kwa Watanzania wote wa Muscat, mpaka wadada wanaofanya kazi majumbani wakawa wananitumia wakiniwekea na alama za kucheka. Mimi naikaribia hamsini. Nikasema huyu nitampiga mbele ya watu. Pambano likapangwa, siku ya Ijumaa, alasiri.

Nikaingia mazoezini kama mwendawazimu. Nikapigwa kichwani mazoezini, si mara moja. Kichwa kikaanza kuuma, nikameza vidonge. Asubuhi moja nikawa namimina maji, mke wangu akasema, "Baba Joshua, unamimina nje ya glasi." Nikaangalia, meza imelowa yote. Nikamwambia nilikuwa nawaza biashara.

Mwenzangu wa leseni, yaani mwenyeji ambaye gym imeandikishwa kwa jina lake, Bwana Khalfan, ni Momani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Alikuja gym akanikalia mbele. "Chuma, mie nna wasiwasi nawe, wallahi. Macho yako hayako sawa. Likikufika jambo, mkeo ntamwambia nini?"

Nikamjibu, "Mwambie mume wake ni bingwa." Akatikisa kichwa, akaondoka hata kahawa hakumaliza.

Ijumaa iliyotangulia Valdemir alikula kwetu. Mke wangu, Neema, alipika wali na samaki, na wakati wa chai akamuuliza jambo ambalo mimi sikuwahi kumuuliza. "Shemeji Valdemir, wewe uliachaje ngumi?"

Akaweka kikombe chini kwanza.

Ndugu zangu, kila mpiganaji ana watu wake wanaokaa kona yake. Wao wanaruhusiwa kumwokoa. Wakiona anaumia, wanarusha taulo ulingoni na refa anasimamisha. Kona ya Valdemir alikuwa anakaa kaka yake. Kabla ya pambano la mwisho alimwapisha kaka yake kwa kaburi la mama yao: hata iweje, usirushe taulo. Kaka mtu akatii. Valdemir akapigwa mpaka kengele ya mwisho, akiwa amesimama, ukumbi mzima ukimshangilia kwa ushujaa.

"Kesho yake binti yangu akaja hospitali," akatuambia. "Mimi nikamwita jina la mama yangu. Siku nyingi sana, jina la mama yangu. Yeye analia, ananiambia jina lake, mimi nalipoteza tena."

Neema akauliza polepole, "Na kaka yako?"

"Hawezi kuniangalia nikinywa kahawa." Akanyanyua kile kikombe kwa mikono yake miwili, tukaona. Haikuwa heshima ya kwao. Mkono mmoja peke yake ulikuwa haushikiki kwa kutetemeka.

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikasema, "Pole sana, mwalimu. Ongeza chai."

Jamani, moyo wa mtu unaweza kuwa mgumu kiasi hicho!

Kesho yake nikaenda Mutrah, kwenye soko lile linalotazama bandari ambako meli za watalii zinashusha watu, nikanunua taulo. Jeupe, jipya, zito. Nilibishana bei, maana mimi sinunui kitu kwa bei ya kwanza. Nikalileta kanisani asubuhi ya Ijumaa ileile ya pambano, maana huku ibada yetu ni Ijumaa, na ninyi mnakumbuka, maana nilisimama mbele yenu kifua mbele. Nikasema kama leso za mitume ziliwaponya watu, basi taulo hili nitalifutia jasho na adui atalala chini. Mchungaji akalipaka mafuta. Kina mama wakalizunguka, wakanyoosha mikono. "Ushindi! Ushindi!" mkaitika mpaka madirisha yakatetemeka. Neema alishika pindo lake, anaomba kimyakimya, midomo tu inacheza. Sikumuuliza anaomba nini. Nilidhani tunaomba kitu kimoja.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nililigeuza lile taulo kuwa nadhiri. Niliyafungia mataulo mengine yote ya gym kabatini, ili kwenye kona yangu kusiwe na taulo la kurusha isipokuwa lile lililoombewa, na nani atathubutu kurusha kitu kitakatifu? Daktari wa mashindano akaniuliza kama kichwa kinauma. Nikasema sijawahi kuumwa kichwa tangu nizaliwe. Nikamshika Valdemir pembeni.

"Hili ni la jasho na damu tu. Limeombewa. Halirushwi. Apa."

"Mimi siapi tena, bosi."

"Basi niahidi."

Akalikunja, akaliweka begani, akanyamaza. Mimi nikahesabu ameahidi, maana nilizoea wafanyakazi wangu wakinyamaza maana yake ni ndiyo.

Ukumbi ulijaa. Wadada walikuwa wameomba ruhusa kwa mabosi wao, wamekuja na vitenge na vigelegele, "Chuma! Chuma!" Raundi ya kwanza nilimpiga yule kijana, sisemi uongo, nilimpiga akatafuta ukuta. Raundi ya pili mkono wangu wa kushoto ukashuka wenyewe. Nikauambia panda, haukupanda. Nikaona vijana wawili mbele yangu, nikampiga yule ambaye hayupo. Nikaanguka. Akanikalia kifuani, ngumi zikawa zinakuja, nazisikia kwa mbali kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani.

Ndugu zangu, kiganja changu cha kulia kilikuwa huru! Kilikuwa kimelala pale kwenye mkeka, hakijashikwa na mtu. Kugonga mara moja tu. Sikugonga. Nilikuwa tayari kufa mbele ya mke wangu kwa sababu ya duka la maandazi.

Ndipo nikaona kitu cheupe kinakuja hewani. Nikadhani ni ndege. Kikatua usoni mwangu, kizito, na nikasikia harufu ya mafuta ya upako.

Refa akamwondoa kijana. Sijui nilisimamaje. Nilienda mpaka kwa Valdemir nikamwita msaliti. Nikamwambia amenivua nguo mbele ya watu, amelitukana kanisa langu, asikanyage tena gym yangu, kazi hana. Yeye akaokota taulo, akalikung'uta, akanitandikia mabegani.

"Sawa, bosi," akasema. "Hospitali kwanza. Halafu nifukuze."

Nikataka kumpiga. Mkono wa kushoto haukupanda.

Khalfan aliendesha, Valdemir na Neema wakanishika katikati kiti cha nyuma. Nakumbuka majengo ya wizara pale Al Khuwair yakipita dirishani, yote yamelala ubavu. Khalfan akapiga kelele, "Chuma! Usilale! Zungumza!" Nikataka kumjibu, maneno yakatoka mengine kabisa. Baada ya hapo sikumbuki.

Waliniambia baadaye. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu, taratibu, tangu mazoezini, na pambano likaifungulia njia. Daktari alimwambia mke wangu kwamba ngumi mbili tatu zaidi asingekuwa na mgonjwa wa kumpasua. Wakanipasua jioni ileile. Ninyi mkafunga na kuomba. Khalfan naye aliniombea msikitini kwake, na ninamshukuru mbele yenu wote.

Nilipofumbua macho kulikuwa na mtu amekaa pembeni. Mwanamke. Nilijua ni wangu, nilijua uso, lakini jina lilikuwa halipo. Nikalitafuta. Nikamkumbuka Valdemir na binti yake, na hapo ndipo mimi, mtu ambaye haogopi kitu, nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuiona. Si hofu ya kufa. Nilimlilia Mungu bila sauti, nikamwambia, Bwana, chukua gym, chukua jina la Chuma, nipe jina la huyu. Nikanyanyua kiganja changu cha kulia, nikagonga godoro. Nikagonga, nikagonga, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza!

Nikasema, "Neema."

Alilia mpaka muuguzi akaja. Alipotulia akaniambia, "Ndicho nilichoomba siku ile. Wao walikuwa wanaomba ushindi. Mimi nilishika pindo nikasema, Bwana, arudi nyumbani analijua jina langu."

Haleluya, ndugu zangu! Mnaona alivyo Mungu? Mimi nililipeleka taulo lile likanipe kiburi, na yeye akalitumia kunitoa mikononi mwa kiburi hichohicho. Niliyafungia mengine yote, nikamwachia moja tu, na hilo moja likatosha.

Valdemir alikuja wodini akasimama mlangoni, haingii. "Bado nimefukuzwa?" akauliza. Nikamwambia aingie aniombe radhi, akacheka, lakini mimi ndiye niliyeomba. Nikamuuliza aliwezaje kulirusha, ilhali alijua limeombewa. Akasema, "Kaka yangu alikuwa na taulo la kawaida tu, na aliliogopa. Mimi nikasema, hili limeombewa, hili litafika." Niliporudi gym alimpigia kaka yake simu. Waliongea nini sijui, ni yao, lakini alitoka nje ya gym akiwa anafuta macho.

Leo mkono wangu wa kushoto umerudi, si wote. Sipigani tena. Mwanafunzi mpya akija gym kwangu namkalisha mkekani mimi mwenyewe, bosi mwenye gym, namfundisha kugonga. Yule kijana wa Seeb alikuja kunisalimia na mfuko wa maandazi, tukala.

Wewe unayesoma haya, pengine umefunga mataulo yako yote kabatini. Umewakataza mkeo, mumeo, rafiki, mchungaji, mtu yeyote asikusimamishe. Nakusihi kwa jina la Yesu, kiganja chako bado kiko huru. Gonga. Yeye si mpinzani wa kukukalia kifuani, anaachia papo hapo. Mwamini.

Mnanijua, lazima nitaje bei. Hospitali ililipwa na bima, ukumbi ulilipwa na wenye mashindano. Taulo linaning'inia ukutani gym, sijalifua, na watu wananiuliza uzima huu ulinigharimu kiasi gani. Muuzaji wa Mutrah alianzia rial tatu, na rial moja ya hapa ni baisa elfu. Nilimshusha mpaka rial moja na baisa mia nane.