Kibanda cha Shimo la Saba

Benchi lenyewe ni ubao uliotupwa na mafundi, umelazwa juu ya matofali nje ya geti la nyuma la klabu ya gofu. Hapo ndipo makedi, wale wabeba mifuko ya fimbo za wakubwa, hukaa tangu asubuhi wakingoja mlinzi atoe kichwa na kuwaita. Kahawa anamimina Mama Birika, na ukimwona mtu amekaa hapo bila kubisha, ujue anaumwa. Leo katikati ya benchi pana pengo. Hakuna aliyethubutu kukaa mahali pa Bata, kedi mwenzao, na chini yake ndala zake zimebaki vilevile, zimeelekea geti, kama alivyoziacha juzi alipovaa viatu vya kazi. Juzi hiyohiyo radi ikampiga uwanjani, akafa palepale. Kiraka alikuwa naye. Sasa Kiraka kashika kikombe kwa mikono miwili, anamwomba Mungu wenzake wazungumze kitu kingine, chochote kile. Thubutu!

— Ni zile fimbo, alisema Redio, ambaye habari za mtaa humfikia kabla ya kuwafikia wenyewe. — Chuma kinaita radi. Hata mtoto anajua.

— Acha uongo, alisema Hakimu, mkubwa wao, mtu wa kuamua kila ubishi hata asipoulizwa. — Fimbo zilikuwa kibandani. Au vipi, Kiraka?

— Zilikuwa kibandani.

— Umesikia? Radi iache mifuko minne ya chuma, imfuate Bata ambaye hata kijiko hana?

Kiraka alipiga funda kubwa, kahawa ikamuunguza ulimi, naye akaona afadhali. Tangu juzi kila akifumba macho anakiona kile kibanda cha kujikinga mvua, cha shimo la saba, paa zuri la vigae, wakubwa wanne wamekaa wanaitania mvua. Kesho wanamzika Bata. Mkewe atakuwepo, na Kiraka alikuwa anaogopa macho ya yule mwanamke kuliko alivyoiogopa radi.

— Basi ni majani, alisema Redio, hashindwi huyo. — Zile dawa wanazopuliza. Zinapanda juu na mvuke, wingu linazinywa, linalewa.

— Wingu linalewa! Mama Birika aliangua kicheko, kisha akakumbuka, akajiziba mdomo kwa kiganja.

— Cheka tu, mama. Wingu likishalewa halichagui mtu.

— Mbona lilichagua? Hakimu aliweka kikombe chini. — Wakubwa kibandani, makedi chini ya mti. Aliyekufa nani? Sikilizeni niwaambie. Pale chini kumefukiwa waya wa shaba, uwanja mzima, tangu klabu inajengwa. Radi ikitaka kupiga jengo lao, waya unaivuta upande wetu.

— Tangu lini wewe fundi umeme?

— Mimi natumia akili, bwana!

Redio alisogea, akashusha sauti kana kwamba ukuta wa klabu una masikio.

— Nyie mnazunguka mbuyu. Yule bosi wa Bata kombe la mwaka jana kachukua. La mwaka huu kachukua. Mtu gani hashindwi? Bata katolewa kafara, jamani. Kiraka, si ulikuwepo? Radi ilipopiga, yule bosi alisema nini?

Wote wakamgeukia. Kiraka alitamani ardhi ipasuke.

— Alisema mvua ikikatika tumalizie.

— Mkamalizia?

— Gari la wagonjwa likaja. Lilipita katikati ya majani, wakubwa wakakasirika. Jana tulishinda tunajaza mchanga kwenye alama za matairi.

 Hapo ndipo mke wa Bata alipotokea kwenye kona ya ukuta, peke yake, amevaa koti la mumewe. Wakasimama wote.

— Pole sana, shemeji. Pole.

— Nimeshapoa. Nimefuata ndala zake.

Akaketi palepale kwenye pengo, akaokota zile ndala, akazipakata. Mama Birika akammiminia kahawa, hakuigusa.

— Shemeji Kiraka, wewe ulikuwa naye.

— Nilikuwa naye.

— Aliumia?

— Hakujua lolote, shemeji. Wallahi tulikuwa tunacheka. Alikuwa anamwiga bosi wake anavyopiga na kukosa. Nikaona mwanga tu.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Ilionekana hilo limemfaa kidogo.

— Mlikuwa chini ya mti.

— Ndiyo.

— Na hicho kibanda, kilijaa?

Hakimu alimkonyeza Kiraka aseme kilijaa. Ni neno moja tu, nani angemuumbua? Lakini ulimi ulikataa kabisa kuligeuza.

— Hakikujaa, shemeji. Kulikuwa na benchi zima. Tuliweka mifuko juu yake isilowe.

Mwanamke alizigeuza ndala mapajani. Hakulia, hakufoka. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia:

— Nani aliwakataza kuingia?

— Ni utaratibu, shemeji, aliwahi Hakimu.

— Aliusema nani?

Hakimu alimtazama Redio. Redio, ambaye kila kitu anakijua, alitazama kahawa yake. Kiraka alipekua kumbukumbu zote, akitafuta mkubwa mmoja aliyewahi kumfukuza pale, bango, hata jicho baya. Hakupata. Siku aliyoanza kazi aliwakuta wenzake chini ya mti, naye akasimama chini ya mti.

Tone likaanguka kwenye benchi, kisha lingine. Mvua ikashuka ghafla, na mbali huko ngurumo ikajikokota. Mlinzi akafungua mlango wa chumba chake cha getini, kipana tu, kina viti. Mke wa Bata akaingia na ndala zake, Mama Birika naye akamfuata mbio, birika mkononi. Wanaume wakabana migongo ukutani, nje, kama siku zote, mvua ikiwajazia vikombe.

Mwanamke aligeuka, akawaona.

— Shemeji, aliita. — Mbona mmebaki huko?

Mlinzi alikuwa ameushikilia mlango, hana neno na mtu. Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi. Kiraka akainua mguu aingie. Kisha, Mungu wangu, akajikuta anatazama kushoto na kulia, anatafuta wa kumpa ruhusa.