Enesi Hanywi

Benchi la kijiji cha Nanyala liliegemea ukuta wa duka la pembejeo, likitazama barabara kuu ya kwenda Tunduma. Asubuhi ile ya Alhamisi, Juni 2008, walikaa watu watatu na birika la kahawa. Lusubilo walimwita Mizani, kwa kuwa hakubali neno mpaka alipime. Watson aliitwa Redio, naye hakupima lolote. Wa tatu, Amoni, mkulima wa kahawa, hakuwa na jina la utani kwa sababu husema machache. Leo yeye ndiye aliyekuja na neno.

Jana yake alimpeleka mwanawe Ipyana kliniki, kwa ushauri wa mwalimu wa darasa la pili. Mtoto hana kiburi, mwalimu alisema, lakini akikatazwa jambo asubuhi, mchana analirudia kama hajawahi kuambiwa, na kukaa kwenye dawati dakika kumi ni shughuli. Muuguzi aliuliza mengi. Moja likamkaa Amoni: mama alikunywa pombe akiwa na mimba yake? Maana pombe humfikia mtoto tumboni, na madhara yake huweza kuonekana baadaye kwenye tabia, watu wakadhani ni utundu. Sababu ziko nyingi, muuguzi alisema, hawezi kuapa kuwa ni hiyo. Ila mjamzito asiiguse kabisa.

— Ukajibuje? aliuliza Mizani.

— Hapana. Enesi hanywi. Naye akaandika hapana.

Hilo halikuwa na mbishi. Enesi, mke wa Amoni, aliimba kwaya, na hakuna aliyewahi kumwona kilabuni. Basi sababu ikatafutwa kwingine, tena kwa bidii, maana Enesi alikuwa na mimba ya miezi minne na Amoni alitaka kujua la kuepuka safari hii.

Redio alianza na moshi wa malori, akahamia mnara wa simu: mawimbi yanapita juu ya paa, yanamkuta mtoto utosi bado laini. Mizani akamuuliza mbona watoto wa Tunduma mjini, penye minara tele, hawaruki madawati.

— Wale wamezoea, bwana. Wanazaliwa wakiwa na chaji.

Mizani naye akaleta yake, kwamba labda ni pombe ya baba. Redio akamwambia ingekuwa hivyo wilaya nzima isingekalika, yeye Mizani wa kwanza. Wakacheka, hata Amoni. Kisha Redio akakumbusha kuwa Jumamosi wao na wenzao watamsaidia Amoni kuchuma kahawa kwa malipo ya pombe, na kwamba pombe ya ulezi anayopika Enesi haina mwenzake kata nzima.

Pembeni yao Ayoub, fundi pancha aliyehamia wiki ile, alikuwa ameinamia karai la maji akitafuta tundu la tairi. Aliinua kichwa.

— Samahanini kaka zangu. Mimi Mwislamu, mambo ya pombe siyajui. Huyo anayepika, anajuaje kwamba imeiva?

Redio alijimiminia kahawa.

Amoni alimwona Enesi akilini na kibuyu chake, chungu kwa chungu, alfajiri na jioni, na yeye mwenyewe amesimama na kiu yake akingoja aambiwe bado au tayari. Mwaka wa mimba ya Ipyana walipika kila wiki, wapate bati za nyumba. Nyumbani kwao jambo hilo hakuna aliyeliita kunywa.

— Anaonja, alisema Mizani polepole. Kuonja si kunywa.

— Sawa. Anaonja kiasi gani? aliuliza Ayoub.

Amoni mwenyewe hakujua. Hakuwahi kuhesabu.

— Leo Alhamisi, Amoni alisema, akisimama. Saa hizi ndipo anaonja ya Jumamosi kwa mara ya kwanza.

— Sasa unakwenda wapi?

— Kumzuia. Nitaonja mimi.

— Wewe? alisema Redio. Wewe hujui bado wala tayari. Utatuharibia pombe ya watu ishirini.

— Basi iharibike, alisema Amoni, akashika njia ya nyumbani, mwanzoni kwa mwendo wa kawaida, halafu mbio.