Gazeti la Msomaji Mmoja

Wanangu, sogeeni karibu. Lập, zima hiyo redio. Uyên, weka simu chini, haya si maneno ya kurekodi. Saa kumi mke wa mjomba wenu atakuja kuniangalia, na nataka niwe nimemaliza kabla hajafika. Daktari amesema nina wiki chache, lakini mwenye kifua hiki ni mimi, na nawaambia ni siku. Kufa sikuogopi. Ninachoogopa ni hiyo saa kumi.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni ya Uyên, aliyenifulia na kuniogesha, na wewe Lập usinune. Gazeti ni lako, pamoja na wazee wanaolisoma na kelele zao. Mzee Quý wa gazeti lile jingine mwalikeni mazishini. Alitangaza mtaa wetu mzima wa Cabramatta kwamba sisi ni watu wa Hanoi, wakomunisti, eti kwa kuwa toleo letu la Tết, la mwaka mpya, lilikuwa jekundu mno, lakini sina tena nguvu za kumbeba moyoni. Akija na maua, yapokeeni.

Sasa sikilizeni lililoninyima raha miaka arobaini.

Ninyi mmekuta kompyuta. Tulipoanzisha gazeti hili la Tin Xóm, baba yenu na mimi tulikuwa na taipureta ya Waaustralia isiyojua alama za Kivietinamu. Baba yenu alipiga herufi tupu kwenye karatasi ya nta, na mimi nikazitia alama kwa sindano, moja moja, kofia hapa, nukta pale, ndipo tukazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono. Lugha yetu mnaijua, ukikosea alama umeandika neno jingine. Bibi harusi mmoja aliitwa Hạnh, jina la tabia njema, nami nikamwandika Hành. Mama yake akanifuata mpaka jikoni, gazeti mkononi. "Dada Khuê, mwanangu nimemlea miaka ishirini, leo umenigeuzia kitunguu?" Nikamwomba radhi. Akasema, "Basi njoo harusini, maana kiungo cha supu tunacho." Tulicheka wiki nzima, na mimi nikadhani makosa ya kazi yangu ni ya kuchekwa.

Mwaka wa 1980 ikaja telegramu kutoka kambi moja ya wakimbizi kisiwani Malaysia, yenye majina ya watu kumi na tisa waliozama. Telegramu haina alama. Watu walijaa uani wakingoja, nami nikakaa na sindano yangu nikiwapa marehemu majina kwa kukisia. Palikuwa na PHAM VAN THUAN. Je, ni Thuần au ni Thuận? Kofia wote wanavaa, tofauti ni mkwaju juu au nukta chini. Watu walikuwa wanagonga mlango. Nikatia nukta chini.

Diệp alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwetu, akishona mashati ya kiwanda. Alikuja Australia na mashua ya mwanzo, mumewe akabaki amfuate, na mumewe aliitwa Phạm Văn Thuận. Alilisoma gazeti akiwa amesimama, akaniuliza, "Dada, una hakika?" Nikamwambia ninayo. Wanangu, sikuwa nayo. Niliona haya kusema kwamba mhariri amekisia. Akafunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani, akaweka picha ya mumewe mezani na kumchomea udi. Na mama yake yule Thuần aliyezama kweli, popote alipokuwa, hakuliona jina la mwanawe.

Baada ya mwaka na nusu kaka yangu Khải akamposa, nami ndiye niliyepeleka posa. Diệp alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba ya binamu yenu Tường, barua ilipofika. Thuận hakuwa amepanda mashua yoyote wakati ule. Alikamatwa ufukweni, akafungwa, akatoka, akatoroka tena, na sasa alikuwa kambini akiomba tangazo. Nalijua kwa moyo: "Namtafuta mke wangu, Trần Thị Diệp wa Mỹ Tho. Mimi ni mzima. Anayemjua amwambie namngoja."

Baba yenu alisema, "Mama Lập, lichape, litokee litakalotokea." Nikamwambia nitalichapa. Alipotoka nikatengeneza ukurasa wenye tangazo hilo, nikauweka kwenye mashine, nikazungusha mara moja tu. Kisha nikautoa, nikaweka ukurasa mwingine wa bei za samaki, nikachapa magazeti yote yaliyobaki. Hata baba yenu nilimdanganya, nikasema Diệp mwenyewe ameomba lisitoke wala lisitajwe tena. Ile nakala moja nikamtumia Thuận. Aliona tangazo lake kwa macho yake. Akaona hakuna aliyejibu. Akaamini mkewe alizama.

Nilijiambia namlinda kaka yangu na mtoto aliye tumboni. Lakini mtoto alizaliwa, akakua, ana watoto, na Khải tumemzika mwaka jana, na bado nikanyamaza. Kwa hiyo mjue niliyekuwa namlinda ni mimi.

Na sikulala salama hata siku moja. Kila Tết nilisimama mlangoni pa ukumbi nikichunguza nyuso za wanaume wageni. Jina la Diệp sikuliruhusu gazetini. Alipopata zawadi ya upishi, niliandika "mama mmoja wa mtaa wetu." Khải alipokufa, kwenye tangazo la msiba niliandika "mjane" basi. Diệp akaniambia, "Wifi, hata leo jina langu limekosa nafasi?" Alisema kwa upole, nami nikadhani amejua. Watu wetu walilisoma gazeti lile kutafuta ndugu zao waliopotea. Mimi nililitumia kumficha mtu.

Kuna jambo moja zaidi. Uyên, nipe maji kwanza.

Thuận yu hai. Yuko Perth, huku huku Australia. Ni msomaji wetu tangu mwaka wa 1983, na ile bahasha ya gazeti ambayo siku zote sikuwaacha muiandike anwani ni yake. Mwezi uliopita aliandika kwamba macho yamechoka, tuongeze ukubwa wa herufi. Anaishi peke yake. Anasema hulisoma gazeti lote, mpaka matangazo madogo, kwa mazoea.

Lập, barua zake zote zimo ndani ya mto wa kiti cha baba yenu, fumua mshono. Toleo la Alhamisi hii lichape tangazo lake kama alivyoliandika, ukurasa wa kwanza, katika kila nakala. Chini yake andika kwamba Khuê, mhariri, alilificha. Usiniandikie visingizio. Herufi ziwe kubwa. Uyên, wewe utakwenda kwa Tường umweleze, akikutukana usimjibu. Mazishi yangu yawe madogo, na Diệp asipokuja, mtu asimseme.

Naogopa nitakufa kabla hajafika. Naogopa zaidi nitakuwa bado hai. Msiniachie nafasi ya kuahirisha, nimeahirisha vya kutosha... Inameni niwashike vichwa. Mungu na wazee wetu wawape usingizi ambao mimi sikuupata. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Watoto wenu wawaamini. Hayo ndiyo ninayowaombea... sina mengine.

Ni yeye huyo, nazijua ndala zake. Lập, fungua. Hapana, msinishike mkono, asije akaniona wa kuhurumiwa. Niinueni tu kidogo, nimwone usoni.

Karibu, Diệp. Weka hicho chakula chini... kaa. Kaa kwanza, wifi. Thuận hakufa.