Muuguzi Aliyeisogeza Redio ya Bibi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, muuguzi wetu wa majumbani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wagonjwa wake humwita Mama Mto, kwa sababu kabla hata ya kuketi huuliza kama mgonjwa amelala na mto katikati ya magoti.

Alianzia wodini, akisafisha vidonda na kutoa nyuzi. Baadaye aliomba kuwafuata nyumbani waliobadilishwa nyonga, maana aliona wengi wakiruhusiwa kisha wakiishia kulala tu. Tangu hapo amefukuzwa na mbwa wawili, na ameinua kwa matofali viti visivyo na idadi ili wagonjwa wasikae chini mno.

Bibi yangu ni mgonjwa wake wa mwisho. Alipotoka hospitali, Mama Mto alikuwa amebakiza wiki nane kazini, na daktari alituonya kwamba bibi asipofanya mazoezi mapema huenda asitembee tena bila kushikwa. Kila asubuhi Mama Mto aliisogeza redio ya bibi hatua moja zaidi kutoka kitandani, ili aifuate kwa fremu yake ya kutembelea. Akishaondoka tu, mimi kwa huruma niliirudisha. Wiki ya tatu bibi alikuwa bado hajavuka mlango wa chumba, na shangazi akaanza kumlaumu muuguzi.

Mama Mto alipogundua, hakunigombeza. Alisema, "Mjukuu wangu, unampenda bibi yako mpaka unamfunga miguu."

"Usimwonee mtoto," bibi akadakia. "Mimi ndiye niliyekuwa namkonyeza."

Tulicheka sote, hata shangazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa redio.

Jumatatu iliyopita Mama Mto alikuja kutuaga. Alipoinuka, nilitafuta viatu ili nimsindikize. Bibi akaniambia nikae. Alichukua mkongojo wake, akamsindikiza mwenyewe hadi getini, huku shangazi akihesabu hatua chini kwa chini. Bibi alipogeuka na kurudi bila kushikwa na mtu, shangazi aliketi kizingitini, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Mama Mto, asante kwa kuturudishia bibi. Tunakutakia mapumziko marefu na afya njema, wewe na wote wa nyumbani kwako. Bibi anasema ukishachoka kupumzika uje kututembelea, na mlango atakufungulia yeye.